Dereva kwenye baridi, abiria kwenye jiko

SWALI

Mzee wangu, shikamoo.

Nina gari la Kijapani, si jipya, lenye AC ya pande mbili: dereva ana kitufe chake cha kupandisha na kushusha joto, na abiria ana chake. Kwa mwezi mmoja na nusu sasa upande wa abiria unapuliza hewa ya moto wakati wote. Sisemi vuguvugu, nasema moto. Nikishusha kitufe cha upande ule mpaka mwisho, namba kwenye kioo zinashuka kama kawaida lakini hewa haijali. Upande wangu, kulia, baridi ni safi kabisa.

Anayeumia ni mama yangu, ambaye nampeleka kliniki kila baada ya wiki mbili. Safari ya kwanza alinyamaza. Ya pili akaniuliza kwa upole kama kile kiti kina ugomvi naye. Ya tatu nilipogeuka nilikuta amekunja kitambaa akakichomeka kwenye tundu la hewa, na hewa ikahamia miguuni, alipokuwa ameweka mkoba wake wa dawa. Tulipofika mkoba ulikuwa na joto kama mkate.

Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alisema gesi ya AC imepungua, akaongeza. Hakuna kilichobadilika. Wa pili alifungua boneti, akashika mipira miwili inayoingia ndani ya gari kutoka kwenye injini, akasema yote ni ya moto, kwa hiyo rejeta ndogo ya hita imekufa: dashibodi yote ishushwe, ibadilishwe. Kazi ya siku mbili. Jirani yangu, ambaye si fundi ila ana maoni, anasema mipira hiyo ikatwe, iunganishwe yenyewe kwa yenyewe, na hita isahaulike.

Injini haichemki, mshale unakaa katikati, maji ya rejeta hayapungui. Kitu kingine, ingawa sijui kama kina maana: nikiwasha swichi asubuhi nasikia mlio nyuma ya droo ya abiria kama mtu anagonga plastiki kwa ukucha, tak-tak-tak, sekunde kumi hivi, kisha kimya. Betri nilibadilisha karibu na siku zile tatizo lilipoanza, lakini AC si betri.

Je, nikubali dashibodi ishushwe?

Mwana wa Abiria

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usikubali.

Barua yako ni ndefu, na jibu lake limo kwenye mambo mawili uliyoyatupa mwishoni kana kwamba unaniomba radhi kwa kuyataja: ule ukucha unaogonga plastiki, na betri. Nitayafikia. Kwanza nikuonyeshe kwa nini rejeta ndogo inasingiziwa, kwa sababu ukishaelewa hapo hakuna fundi atakayekupeleka mbio tena.

Maji yanayopoza injini yako huzunguka yakiwa na joto la nyuzi 90 hivi. Sehemu ya maji hayo hupita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya kasha jeusi nyuma ya dashibodi. Feni inasukuma hewa kwenye kasha hilo. Hewa inapita kwanza kwenye evaporeta, ile sehemu inayopozwa na gesi, halafu inafika njia panda: ama ipenye kwenye rejeta ndogo na kutoka ya moto, ama ipite kando yake na kubaki baridi. Anayeamua ni kilango cha plastiki chenye upana kama wa kiganja. Kikiziba njia ya rejeta unapata baridi, kikiifungua yote unapata moto, kikisimama katikati hewa mbili zinachanganyika. Kwenye gari la pande mbili kama lako, feni ni moja, evaporeta ni moja, na rejeta ndogo ni ileile moja. Kilichoongezwa ni ukuta unaogawa hewa, na kilango cha pili. Mama yako ana kilango chake, wewe una chako.

Sasa itazame rejeta ndogo kwa haki. Ikiziba kwa kutu, unakosa joto. Ikitoboka, zulia la abiria linalowa, kioo cha mbele kinapata ukungu unaonata, na gari linanuka kitu kitamu. Hakuna namna yake ya kuharibika ambayo itamchoma abiria huku ikimsamehe dereva. Fundi wako wa pili aliposhika mipira miwili na kuikuta yote ya moto, alikuwa ameshika ushahidi kwamba rejeta ndogo ni nzima: maji yanaingia ya moto, yanapita, yanatoka ya moto. Alipima vizuri, akamhukumu asiyehusika.

Yule wa gesi simlaumu sana, maana upo ugonjwa unaofanana na wako na unawadanganya wengi. Gesi ikipungua, evaporeta haipoi yote. Kona ya karibu na pale gesi inapoingia inapoa, kona nyingine inabaki na uvuguvugu, na kwa kuwa hewa ya gari hili imegawanywa, mmoja anapata baridi na mwenzake analalamika. Lakini tatizo la gesi lina mpaka wake. AC iliyokosa gesi haitengenezi joto. Upande mbovu utapuliza hewa inayolingana na ya nje na si zaidi, ukiacha zile dakika chache za mwanzo dashibodi inapotema jua la kutwa. Kama nje ni nyuzi 30 na tundu la mama linatoa nyuzi 50, zile 20 za ziada zimetoka kwenye maji ya injini. Hazina kwingine pa kutoka. Hilo ndilo swali la kwanza kwa yeyote mwenye gari lenye upande mmoja mbaya, na linajibiwa bila spana: hewa ile imeshindwa kupoa, au imepashwa moto? Namna ya kulijibu ni hii, na wewe uifanye hata kama unaniamini, kwa sababu utahitaji namba za kumwonyesha fundi.

Tafuta kipimajoto chenye sindano, kile cha kupimia nyama jikoni kinatosha. Ifanye asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na injini imepoa kabisa. Kabla ya kuwasha, weka vitufe vyote viwili vya joto chini kabisa, hewa itoke kwenye matundu ya usoni, feni iwe ya kati. Washa injini na AC kwa pamoja, tumbukiza sindano kwenye tundu la kushoto, kisha la kulia, na andika. Rudia kila dakika mpaka mshale wa joto la injini ufike katikati.

Kwenye gari lenye ugonjwa kama wako utaona jambo la kuchekesha. Dakika mbili tatu za mwanzo pande zote mbili zinapoa pamoja kama ndugu. AC inafanya kazi, gesi ipo, na maji ya injini bado hayana joto la kumpa mtu. Halafu injini inaanza kupata moto, na kushoto kunaanza kupanda: 18, 24, 33, huku kulia kukiendelea kushuka mpaka chini ya 10. Hapo umeuona moto ukiingia kwa macho yako. Kama badala yake kushoto kungekuwa na uvuguvugu tangu dakika ya kwanza na kukabaki hapohapo bila kupanda injini inapopata moto, ningesema fundi wako wa kwanza alikuwa karibu na ukweli.

Kwa kuwa alikwisha kuongeza gesi, nikuombe kitu kimoja pembeni. Gesi ya AC hujazwa kwa uzito, na uzito wenyewe umeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Aliyeongeza kwa kukisia amekuachia swali. Ikizidi, mgandamizo unapanda na baridi inapungua pande zote. Ukimaliza hili la mama, itolewe yote ipimwe upya. Si haraka.

Gari likishapata moto, zima AC lakini feni ibaki inapuliza. Chukua kitufe cha abiria ukizungushe polepole kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, halafu urudi, ukiwa na mkono kwenye tundu. Kama hewa haibadiliki hata kidogo, kilango hakitembei. Kama inabadilika kidogo, ya moto sana ikawa ya moto tu, kilango kinatembea lakini hakifiki mwisho. Tofauti hiyo ina kazi yake baadaye. Kwa maelezo yako wewe ni wa kundi la kwanza.

Sasa ule ukucha.

Kilango hakisukumwi na waya tena kama kwenye magari ya zamani, yale ambayo ulisogeza kiwiko kwenye dashibodi na kusikia kilango kikigonga. Siku hizi kinasukumwa na mota ndogo ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa kasha, kijisanduku cheusi kama viberiti viwili vilivyolaliana. Ndani yake mna mota ya ukubwa wa kidole gumba na gia tatu nne za plastiki zinazopunguza mwendo, ili kilango kisogee taratibu na kwa nguvu. Gia hizo ndizo zinazozeeka. Joto la dashibodi na miaka huzikausha, jino moja linapata ufa, na siku moja linakatika. Kuanzia hapo mota inazunguka, gia inafika penye pengo, inateleza, inarudi: tak. Inajaribu tena: tak. Mlio wako ndio huo. Nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba mtu akinigongea ukucha kwenye simu namwambia atoe droo.

Na betri inaingia hivi. Kompyuta ya AC hukumbuka kilango kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Ukikata umeme kwa kubadilisha betri, magari mengi husahau. Umeme ukirudi, kompyuta hukisukuma kila kilango mpaka kigonge mwisho mmoja, kisha mpaka kigonge mwisho wa pili, ili ijifunze upya. Gia yenye ufa ambayo miezi yote ilikuwa inasogezwa nusu nusu tu, siku hiyo inakandamizwa mpaka ukutani. Ndipo jino linapokatika. Kwa hiyo AC si betri, ni kweli, lakini aliyefunga betri mpya ndiye aliyeitingisha fimbo iliyokwisha kuliwa na mchwa. Usimtafute kumlaumu, hakufanya kosa.

Upo uwezekano mdogo kwamba gia ni nzima na kompyuta ilijifunza vibaya, labda kwa sababu gari liliwashwa na vitufe vikabonyezwa katikati ya zoezi. Kwako sidhani, kwa sababu ya ule mlio. Hata hivyo jaribu, maana ni kazi ya dakika tano. Zima gari. Tafuta fyuzi ya AC kwenye kitabu cha gari, ichomoe kwa dakika moja kamili, irudishe. Washa swichi bila kuwasha injini, halafu ukae mikono mapajani dakika mbili bila kugusa kitufe chochote. Utasikia vilango vikitembea: vuuu, kimya, vuuu. Baadhi ya magari hayafuati njia hii, yanataka vitufe viwili vibanwe pamoja au mashine ya fundi itoe amri, na kitabu cha gari ndicho kinachosema. Ikikubali na kushoto kukapoa, umemaliza na usiendelee kusoma. Ikirudi tak-tak-tak, endelea.

Ondoa vilivyomo kwenye droo ya abiria. Droo nyingi za magari ya Kijapani unazibana mbavu zote mbili kwa ndani, zinapita vizuizi na kuning'inia chini, hakuna bisibisi. Pale juu ya droo kuna mfuko wa hewa wa usalama wa abiria. Plagi zake huwa za njano. Usizichomoe, usizipime, usiziwekee taa ya majaribio. Kazi yetu haiko huko.

Piga magoti, washa tochi, tazama kasha. Utaona mota zaidi ya moja na hapa watu wengi hukosea. Moja, karibu na feni, ni ya kuchagua hewa ya nje au ya ndani. Nyingine ni ya kuelekeza hewa usoni au miguuni. Usikisie. Mwambie mtu akae kwenye kiti cha dereva, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, azungushe kitufe cha joto cha abiria kwenda juu na chini. Wewe weka ncha za vidole kwenye kila mota. Ile inayotetemeka au kugonga kila anapozungusha ndiyo tunayoitafuta. Simu iliyowekwa kurekodi video itaona mahali ambapo kichwa chako hakiingii.

Kabla hujaihukumu, itikise. Mota hushikwa na skrubu mbili au tatu, na masikio yake ya plastiki yakivunjika inakuwa haisukumi kilango, inajizungusha yenyewe, na mlio wake unafanana sana na wa gia iliyokatika. Nimeona mota mpya ikinunuliwa kwa sababu ya skrubu iliyolegea.

Kama imekaza, ifungue. Usichomoe plagi kwanza, toa skrubu tu, uivute taratibu kutoka kwenye mhimili wa kilango, uishike mkononi. Sasa una vitu viwili vilivyotengana, mota na kilango, na unaweza kumuuliza kila mmoja peke yake.

Anza na kilango. Kipande cha mhimili kilichojitokeza kishike kwa vidole viwili na ukizungushe. Kilango kizima huzunguka kama robo duara, chepesi, na kila mwisho kinagota kwa ulaini kwa sababu kingo zake zina sponji. Kama kinagota kwa ugumu katikati ya njia, kuna kitu kimeingia. Matundu ya chini ya kioo cha mbele humeza kalamu na sarafu, na sarafu inajua kusafiri. Kama kinazunguka moja kwa moja bila kugota popote, kama bomba lisilofungwa kitu, mhimili umekatika ndani. Hapo, na hapo tu, neno dashibodi linaruhusiwa kutamkwa, na hata hapo mwambie fundi aangalie kwanza kama anaweza kufika kupitia sehemu ya miguu.

Lakini nadhani chako kitazunguka vizuri. Ndipo ufanye jambo ambalo litakupa raha kuliko barua yangu yote: washa injini iliyo na moto, feni na AC vikiwa vinafanya kazi, kisha uzungushe mhimili kwa vidole mpaka mwisho mmoja. Mkono mwingine uwe kwenye tundu la mama. Kama si mwisho huu basi ni ule mwingine, na ndani ya nusu dakika hewa ya moto iliyowashinda mafundi wawili itakuwa baridi. Huna tena haja ya kubishana na mtu.

Kisha muulize mota. Ikiwa bado imechomekwa plagi, mwenzio azungushe kitufe tena huku ukitazama tundu lake la katikati. Likizunguka laini kwenda na kurudi, mota ni nzima na tatizo lilikuwa kufunga au kilango. Likitikisika na kugonga mahali pamoja, gia imekatika. Likiwa kimya kabisa, pima umeme kwenye plagi kitufe kinapozungushwa: mota nyingi za kawaida hupata volti 12 hivi kwa sekunde chache, na ukizungusha kitufe upande wa pili umeme unageuka. Umeme ukifika na mota haitikisiki, mota imekufa. Usipofika, ni suala la nyaya au la kisanduku cha vitufe, kazi ya fundi umeme. Huyo awe na mashine inayoweza kusoma kompyuta ya AC. Mashine nyingi ndogo husoma injini peke yake, zitakwambia gari halina kosa lolote huku mama anaungua.

Mota nyingi za aina hii zina nyaya tano. Mbili ni za kuizungusha. Tatu ni za kihisi kinachoiambia kompyuta kilango kimefika wapi. Kihisi kikichakaa, mota ina nguvu na gia ni nzima, lakini kompyuta inaambiwa uongo na inasimamisha kilango kabla ya mwisho. Ndilo lile kundi la hewa inayobadilika kidogo tu. Dawa ni ileile, kubadilisha mota.

Watu huniuliza kama gia inaweza kugundishwa. Nimewahi kujaribu nilipokuwa na kiburi cha ujana. Jino la gia hii ni dogo kuliko punje ya mchele na linabeba kazi yote. Gundi ilidumu siku nne. Nunua mota yenye namba ileile iliyoandikwa ubavuni mwa ile mbovu, maana ya upande wa dereva inaweza kufanana kwa sura na kuzunguka kinyume. Unapoifunga, usiilazimishe kwa koleo ikae sawa na mhimili, utavunja gia mpya kabla haijafanya kazi hata siku moja. Zungusha kilango kiifuate mota. Kisha rudia lile zoezi la fyuzi na mikono mapajani ili kompyuta ijifunze upya.

Kama mota itachelewa kupatikana, zungusha kilango kwa mkono mpaka upande wa baridi, acha mota nje ikiwa imechomolewa plagi, na mhimili uuzuie na kamba ya plastiki usirudi. Mama atapanda gari kesho. Joto upande wake halitakuwepo mpaka mota ifike, na kwa hali unayonieleza hatalidai.

Jirani yako sasa. Ukikata mipira ya hita na kuiunganisha, joto litaisha kweli, kushoto na kulia. Ila utakuwa umepoteza pia hewa kavu ya joto inayofuta ukungu kwenye kioo cha mbele siku ya mvua, na hiyo ni shughuli ya kuona barabara. Wako wanaofanya vibaya zaidi, wanaziba mipira badala ya kuiunganisha, na kuna injini ambazo maji yake yanatakiwa kupita hapo ili yazunguke sawasawa. Akili ya kutafuta njia fupi naiheshimu. Lakini unakata mshipa wa maji kwa sababu ya jino moja la plastiki.

Neno moja kwa wasomaji wengine wenye BMW na Mercedes-Benz za zamani kidogo: baadhi yao msifungue droo. Magari hayo hayakutumia vilango kugawa joto, yalitumia vali mbili za maji zenye umeme, moja ya kushoto na moja ya kulia, na rejeta ndogo yao imegawanywa nusu kwa nusu. Vali hizo hufungwa na umeme, kwa hiyo umeme ukikosekana zinabaki wazi. Plagi iliyolegea au vali iliyokwama inatosha kukupa upande mmoja wa moto bila kikomo. Weka vitufe chini kabisa, fungua boneti, shika mipira miwili inayotoka kwenye vali. Wa upande mzima utakuwa umepoa, wa upande mbovu utauachia haraka.

Mwanangu, fanya zoezi la asubuhi kwanza, uandike namba zako, kisha ndipo utoe droo. Na ule mkoba wa dawa uhamishie kiti cha nyuma leo, kabla hata hujaitafuta bisibisi. Dawa nyingi hazitakiwi kupita nyuzi 30, nawe umekuwa ukizipika kila baada ya wiki mbili. Zile zilizosafiri miguuni pa mama, mwonyesheni mfamasia.